Alikuwa wa kwanza, sasa anaburuza mkia: nimhamishe shule?

Swali: "Mwanangu wa kiume ana miaka 15, yuko kidato cha pili kwenye shule inayochukua waliofaulu sana tu. Shule ya msingi hakuwahi kutoka nje ya tatu bora. Sasa ni wa 38 kati ya 45. Anasoma mpaka saa saba usiku, anaamka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Tumemwekea tuisheni siku nne kwa wiki, simu tumemnyang'anya, na bado muhula huu kashuka tena. Baba yake anasema ni uvivu. Juzi kaniambia, 'Mama, mimi si wa shule hii.' Nimhamishe, au nimkazie zaidi?"

Jibu:

Dada yangu, pole. Nimesoma barua yako mara mbili, na mara zote nimesimama palepale: saa saba usiku. Mtoto anayekaa mezani mpaka saa hiyo anaweza kuwa anasoma vibaya, anaweza hata kuwa ameinamia daftari huku mawazo yako mbali, lakini mvivu huwa kashalala zamani. Neno hilo liwekeni kando kwanza, wewe na baba yake. Likishazoeleka nyumbani, hakuna anayeuliza swali lingine.

La kumhamisha nitalijibu, ila mwishoni, maana kwa sasa hamna cha kuamulia. Mnajua ni wa 38. Hamjui anakwama wapi.

Tuanze na hiyo 38. Shule ya msingi mwanao alikaa darasa moja na watoto wa kila aina, akawa juu. Kisha wakakusanywa wale wote waliokuwa juu kwenye madarasa yao, wakawekwa chumba kimoja, wakapangwa upya kuanzia 1 hadi 45. Lazima mmoja wao awe wa 38, hata kama wote wana akili za kutosha. Mwanasaikolojia Herbert Marsh, aliyefanya kazi zake nyingi Australia, alianza kuandika juu ya jambo hili miaka ya 1980: ukichukua watoto wawili wenye uwezo uleule, yule aliye kwenye shule ya vipanga hujiona dhaifu kuliko mwenzake aliye kwenye shule ya kawaida. Jambo hili limepimwa tena na tena katika nchi nyingi. Kwa hiyo mwanao anaposema "mimi si wa shule hii", sehemu kubwa ya anachokisema ni habari za majirani zake wa dawati.

Sitaki lakini nikudanganye kwamba namba haina maana yoyote. Kashuka mara mbili mfululizo. Kuna kitu.

Watoto waliopita shule ya msingi kwa wepesi huwa na tatizo moja ambalo walimu tunalifahamu vizuri, na wazazi huwa wa mwisho kulisikia: hawajawahi kujifunza namna ya kusoma. Hawakuhitaji. Mwalimu alieleza, wakaelewa papo hapo, mtihani ukaja, wakaandika walichokumbuka, wakapata 90. Miaka saba ya ushindi bila hata jioni moja ya kukaa na kitu kisichoeleweka. Halafu siku moja, wana miaka 14, mwalimu anaeleza na hawaelewi. Mtoto aliyezoea kuhangaika anajua la kufanya: anarudia, anauliza, anajaribu mfano mwingine. Huyu wako hana pa kushika. Kwake kutoelewa mara moja kuna tafsiri moja tu, kwamba akili zimeisha. Na anachokifanya ni kuongeza saa za kutazama daftari, kwa sababu ndicho alichosikia watu hufanya.

Sasa kazi yenyewe. Jumamosi hii, mwombe akuletee karatasi zake za mtihani wa mwisho, zile zilizosahihishwa. Ripoti iacheni kwenye droo. Kaeni wawili, bila baba, bila wadogo zake. Mwambie mapema kwamba hamtazungumzia alama alizopata, mnatafuta zilizopotea zilikwenda wapi. Kila palipo na alama ya kosa, yeye mwenyewe aandike pembeni moja kati ya haya: sikujua kabisa, nilijua nikasahau, sikuelewa swali linataka nini, muda uliniishia. Wewe huhitaji kujua fizikia. Kazi yako ni kuuliza "hapa ilikuwaje?" na kunyamaza.

Nikupe mfano ili uone kwa nini nasisitiza. Niliwahi kukaa na kijana wa rika la mwanao, wazazi wake wameshasema hana kichwa cha sayansi. Mezani palikuwa na karatasi tatu. Kwenye fizikia aliulizwa: gari limeanza kutoka kwenye kusimama, baada ya sekunde 8 linakwenda mita 20 kwa sekunde, tafuta mchapuko, yaani kasi inaongezeka kiasi gani kila sekunde. Fomula aliijua. Aliandika vizuri kabisa 20 = 8a. Mstari uliofuata: a = 0.4. Jibu ni 2.5. Kwenye kemia: kipande cha alumini kina gramu 54, densiti yake ni gramu 2.7 kwa kila sentimita ya ujazo, tafuta ujazo. Yaani 2.7V = 54, V ikiwa ujazo. Akapata 0.05 badala ya 20. Kwenye hisabati, 6x = 3, akaandika x = 2.

Zitazame tena hizo tatu. Kila mara alipogawanya, ile namba iliyoshikana na herufi kaiweka juu, na ile iliyosimama peke yake kaiweka chini. Kosa ni moja, limebadilisha nguo tu. Lakini alikuwa na walimu watatu, na kila mmoja aliona kosa moja kwenye somo lake, akapiga mstari mwekundu, akaendelea na karatasi ya mwingine. Nilimwambia arudishe jibu lake kwenye swali: 8 mara 0.4 ni ngapi? Akahesabu, 3.2. Nikamuuliza, na gari lilitakiwa lifike ngapi? Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe ni hiki tu?"

Haikuwa hiki tu, kusema kweli; kulikuwa na matobo mengine mawili. Lakini hilo la kwanza lilichukua wiki mbili, dakika 15 kila jioni, maswali mafupi mafupi ya aina ya 6x = 3, na kila jibu linarudishwa kwenye swali kabla ya kuhamia jingine. Somo hilo lilifundishwa miaka miwili kabla, siku ambayo huenda alikuwa mgonjwa au anapiga soga. Masomo kama hisabati na fizikia hujengwa juu ya yaliyotangulia. Tofali likikosekana chini, ukuta hauangukii pale, unaangukia juu, na kila mtu anakimbilia kukagua juu.

Ndiyo maana nina wasiwasi na tuisheni yenu ya siku nne. Mwalimu wa tuisheni kwa kawaida hufuata mada inayofundishwa shuleni wiki hiyo. Mwanao anasikia asubuhi asichokielewa, jioni anakisikia tena kutoka kwa mtu mwingine, na bado hakielewi kwa sababu ileile. Mnatwanga maji kwenye kinu, kwa malipo. Punguzeni ziwe siku moja au mbili, na mumpe mwalimu huyo orodha ya matobo mtakayoipata kwenye karatasi. Kazi yake iwe kurudi nyuma. Akikuambia hana muda wa kurudi nyuma kwa sababu silabasi inakimbia, tafuteni mwingine. Mara nyingi mwanafunzi wa kidato cha juu mwenye subira hufanya kazi hii vizuri kuliko mwalimu mwenye jina kubwa, kwani bado anakumbuka alivyochanganyikiwa yeye mwenyewe.

Ukiona kwenye zile karatasi "nilijua nikasahau" imejaa, basi tatizo liko kwenye namna anavyosoma usiku. Nenda siku moja utazame bila kumsumbua. Nabashiri utakuta daftari liko wazi, kalamu ya rangi mkononi, na ukurasa mzima umepigwa njano. Kusoma tena na tena kitu kilicho mbele ya macho kunampa mtu hisia tamu ya kukijua, na hisia hiyo ni ya uongo. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu cha kusoma. Kundi moja likakisoma mara ya pili. Kundi jingine likakifunika na kuandika lilichokumbuka. Walipopimwa dakika tano baadaye, waliorudia kusoma walikuwa mbele, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliorudia walikumbuka asilimia 42, waliojipima asilimia 56. Hapo ndipo anapotokea yule mtoto anayelia kwamba "jana usiku nilikuwa najua". Hasemi uongo. Jana usiku alijua.

Kwa hiyo mfundishe kufunga daftari. Asome mada moja kwa dakika 20, alifunge, achukue karatasi tupu, aandike kila anachokumbuka, achore michoro, atoe mifano. Itauma. Ukurasa wa kwanza utakuwa na mistari minne na atataka kufungua daftari. Mwambie akae nao dakika tano zaidi. Kisha afungue, ajaze kwa kalamu nyekundu alichokosa. Kesho yake aandike tena bila kutazama, halafu baada ya siku tatu, halafu baada ya wiki. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio mwenyewe na kuyachapisha mwaka 1885, alionyesha kwamba kinachokaririwa huanza kumwagika ndani ya saa ya kwanza, na kwamba kurudia kwa kuachia nafasi kunakishikilia kwa jasho dogo kuliko kukirundika siku moja. Hatujapata sababu ya kumpinga.

Kwa hisabati na sayansi kuna jambo la ziada. Asifanye maswali ishirini ya aina moja kwa mfululizo. Akishajua kichwa cha habari ni "mchapuko", haamui tena fomula gani itumike, anaingiza namba tu. Mtihani haumwambii kichwa cha habari. Achanganye maswali ya mada tatu nne, ayafanye bila kujua lipi linatoka wapi. Atapata machache, atakasirika, na atakuwa amefanya mazoezi ya kitu kinachopimwa kweli.

Usingizi. Kutoka saa saba usiku mpaka kumi na moja na nusu ni saa nne na nusu. American Academy of Sleep Medicine, chama cha wataalamu wa usingizi cha Marekani, mwaka 2016 kilitoa mapendekezo kwamba vijana wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10. Wenu analala nusu. Na usingizi ndipo ubongo unapopanga na kukaza kilichosomwa mchana; mtoto anayekesha anapanda mbegu usiku na kuing'oa alfajiri. Ugumu ni kwamba katika umri huu saa ya mwili yenyewe husogea mbele, usingizi wake unachelewa kuja hata akizimiwa taa, kwa hiyo msimwamrishe alale saa tatu kuanzia kesho. Anzeni na saa tano kamili, vitabu vikiwa vimefungwa, hata kama kazi haijaisha. Wiki mbili baadaye irudisheni nyuma nusu saa, iwe saa nne na nusu. Mkipunguza tuisheni, saa hizo zitapatikana bila kugombana. Baba yake atauliza kama huko si kulegeza kamba. Mwambie mjaribu wiki sita, kisha mzitazame karatasi mpya pamoja.

Simu sina maneno mengi. Kuinyang'anya moja kwa moja humfanya mtoto awe peke yake wakati anahitaji marafiki zaidi. Ilale sebuleni na simu zenu ninyi wazazi, zote pamoja, kuanzia saa fulani. Ya kwenu ikibaki chumbani, sheria hiyo haitafika Jumatano.

Sasa mazungumzo ya nyumbani, na hapa naomba uvumilivu wako. Mtoto akirudi, swali la kwanza anasikia lipi? Kama ni "umepata ngapi?" au "wa kwanza ni nani?", basi kajua nyumbani anapimwa kwa kitu gani. Jaribu "leo ni kitu gani hukukielewa?" Mara ya kwanza atakutazama kama umechanganyikiwa. Mara ya tano huenda akajibu. Na akijibu, usimpe suluhisho. Mwulize tu kesho atamuuliza nani. Mtoto aliyekuwa "yule mwenye akili" wa ukoo hubeba jina hilo kama mzigo. Akiuliza swali darasani anaona anakiri mbele ya watu kwamba jina si lake tena. Ndiyo maana wengi wao wananyamaza kabisa, na wengine wanaacha kujitahidi kwa makusudi, kwani kufeli bila kujitahidi hakuumi kama kufeli ukiwa umejitahidi. Huo wa pili ndio unaofanana sana na uvivu ukiutazama kutoka mlangoni. Baba yake alizungumzie hili taratibu, na kama naye aliwahi kufeli kitu, amsimulie mwanawe. Yote, bila kukimbilia ile sehemu ya kushinda.

Shuleni nenda, lakini usiende na malalamiko. Omba kuonana na walimu wa yale masomo mawili yanayomvuta chini zaidi, chukua zile karatasi mlizoziandika pembeni, na uwaulize: wewe unaona anakwama wapi? Ni nini cha nyuma alitakiwa awe nacho? Ni wakati gani anaweza kukufuata akuulize bila wenzake kusikia? Mwalimu mwenye wanafunzi mia mbili hana nafasi ya kumtafuta mwanao, lakini akiletewa karatasi iliyochambuliwa na mtoto mwenyewe, wengi hulainika. Mwanao awepo kwenye mazungumzo hayo. Habari zake zisijadiliwe kama za mgonjwa aliyelala.

Kabla ya yote haya kushika kasi, kagueni vitu vya mwili: macho, masikio, damu. Nimeshaona mtoto "aliyeporomoka" ambaye alikuwa haoni ubao tangu ahamishiwe dawati la nyuma, na aibu ikamzuia kusema. Kama tangu zamani anasoma kwa sauti kwa kusuasua, anaruka mistari, au anajua jibu kwa mdomo lakini hawezi kuliandika, ulizia kuhusu disleksia, ule ugumu wa kusoma na kuandika usiotokana na upungufu wa akili. Watoto werevu huificha kwa kumbukumbu nzuri kwa miaka mingi, mpaka kiasi cha kusoma kinapozidi ujanja wao.

Na kuna jambo moja ambalo halingoji Jumamosi. "Mimi si wa shule hii" ni sentensi ya huzuni, lakini sikiliza kama kuna nyingine nyuma yake. Kama ameacha mchezo aliokuwa akiupenda, hataki kula au anakula bila kipimo, analala mchana kutwa siku za mapumziko na bado amechoka, analia au anakasirika kwa kitu kidogo, na hali hiyo imezidi wiki mbili, mpeleke kwa daktari au mshauri nasaha. Na ukiwa na shaka kwamba anawaza kujidhuru, mwulize waziwazi, kwa maneno hayohayo. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi kunamtua mzigo. Akikubali, usimwache peke yake, na siku hiyohiyo mtafute msaada wa kitabibu. Mtihani utasubiri.

Turudi kwenye swali lako. Kumkazia zaidi, hapana. Amekazwa hadi mwisho wa uzi. Kumhamisha sasa hivi pia ningesubiri, kwa sababu atahama na matobo yake, na atahama akiamini ameshindwa. Kuna hali tatu ambazo mimi mwenyewe ningemhamisha bila kungoja: afya yake ikianza kuvunjika, shule ikiwa na tabia ya kuwaaibisha walio chini kwa kusoma majina yao mbele ya wote, au ikionekana kuna mtu anamwonea na uongozi umefumba macho. Nje ya hayo, jipeni muhula mmoja kamili. Andikeni matobo kwenye karatasi, pengine yatakuwa saba au nane, mbandike ndani ya mlango wa kabati lake pale anapoona yeye tu. Mwisho wa muhula mhesabu yaliyozibwa. Nafasi darasani msiitazame kwanza. Anaweza kuziba manne na bado akawa wa 36, maana wale 44 nao hawakulala.

Kisha mwulize yeye, kwa siku mbili tofauti, si siku ya matokeo. Kama matobo yamepungua, analala, anacheka mezani, na bado anasema angependa shule nyingine, muulize anaiona vipi hiyo shule nyingine, anafanya nini humo, anakaa na nani. Akikujibu kwa mambo anayoyataka, mhamishe, na umwambie ndugu zako kwamba alichagua. Akikujibu kwa mambo anayoyakimbia tu, ongezeni muhula mmoja.